Chungu, Ziwa na Dawati: Historia ya Chakula na Umakini wa Watoto kutoka Osiri hadi Ufuko wa Homa Bay

Mtoto asiyetulia darasani huzungumziwa siku hizi kwa lugha ya duka la dawa. Mzazi mjini Migori au Homa Bay huambiwa kwamba mafuta ya samaki yaliyotiwa ndani ya vidonge laini humwongezea mtoto akili, kwamba zinki humtuliza, kwamba dawa ya maji yenye madini ya chuma humwamsha, na kwamba sukari ndiyo inayompandisha mori. Na kwa kuwa baadhi ya kauli hizo zina ukweli ndani yake na nyingine hazina hata chembe, ni vigumu kwake kupambanua ya kushika na ya kuacha. Hata hivyo, katika nchi inayoanzia machimbo ya dhahabu ya Osiri, Migori, na kuteremka hadi vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria, swali la chakula kinachomwezesha mtoto kutulia na kufikiri ni kongwe kuliko maduka hayo. Karibu kila kirutubisho kinachouzwa leo katika chupa kwa ajili ya umakini kiliwahi kupatikana humo humo nchini, katika chungu, katika nyavu na katika kibuyu cha maziwa, kisha kikaondoka kwa sababu zinazojulikana na zinazoweza kuwekewa tarehe. Asiyeijua historia hiyo ni rahisi kumwona mtoto mwenye njaa kuwa ana ugonjwa wa akili, na ni rahisi vilevile kumnyima matibabu mtoto mwenye ugonjwa wa kweli kwa kumwahidi samaki.

Umakini, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wa mtoto kuielekeza fikra yake kwenye jambo moja na kuishikilia hapo kwa muda wa kutosha, bila kuvutwa na kila sauti inayopita dirishani. Uwezo huo hupungua kwa njia mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Njia ya kwanza ni hali ya kimaumbile ya ubongo ambayo madaktari huiita tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia. Hali hii huanza utotoni, kwa kiasi kikubwa hurithiwa katika ukoo, huonekana nyumbani na shuleni vilevile, na hudumu kwa miaka. Njia ya pili humpata mtoto ambaye ubongo wake hauna hitilafu ya kuzaliwa nayo, ila mwili wake umepungukiwa. Huenda amekosa kifunguakinywa, au amekosa madini ya chuma, ambayo hubeba oksijeni katika damu na kusaidia kutengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ishara za hamu na makini. Huenda pia amepungukiwa na iodini, zinki au vitamini B12, ambayo hulinda neva na hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, au asidi za mafuta za omega-3, ambazo ni sehemu ya utando wa seli za ubongo na ambazo chanzo chake kikuu ni samaki. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa pomoni hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili kwa macho, na hapo ndipo mkanganyiko wote huanza.

Kabla ya mwisho wa karne ya 19, mlo wa Wajaluo wa upande wa kusini wa ghuba ya Ziwa Victoria, na wa majirani zao Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, ulisimama juu ya mtama na wimbi. Unga wa nafaka hizo ulilowekwa na kuachwa uchachuke kabla ya kupikwa uji mchachu uitwao nyuka kwa Kijaluo, na uchachushaji huo, ambao wapishi waliupendea ladha, ulikuwa na kazi nyingine ambayo sayansi iliieleza baadaye sana: huvunja faitati, yaani kemikali ya asili iliyomo katika maganda ya nafaka, inayoyakamata madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasifyonzwe na utumbo. Kando ya ugali palikuwa na mboga chungu za porini na za uani, mnavu unaoitwa osuga, mgagani unaoitwa dek, mrenda unaoitwa apoth, ambazo zilichemshwa kwa maziwa na kupashwa moto tena na tena hadi uchungu ukatulia. Ziwani walitoka ngege, ningu, kamongo, vidagaa vya aina ya fulu na omena, samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye Watanzania humwita dagaa na ambaye huliwa mzima, kichwa na mifupa na matumbo, hata mlaji akapata katika kijiko kimoja kalsiamu, chuma, zinki na vitamini ambazo kwa samaki mkubwa hutupwa pamoja na kichwa.

Malezi na chakula vilikuwa chini ya paa moja. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1989 kuhusu Siaya, ng'ambo ya kaskazini ya ghuba hiyo, walimpa nafasi kubwa mwanamke mzee aliyeitwa pim, ambaye aliwalea watoto wa boma katika nyumba iliyoitwa siwindhe, akiwalisha, akiwalaza na kuwafundisha kwa hadithi za usiku. Inafaa kuliangalia jambo hili kwa makini, kwa kuwa linaonyesha kwamba jamii hiyo ilikuwa na shule ya umakini kabla ya dawati: mtoto alifunzwa kusikiliza hadithi ndefu hadi mwisho, gizani, akiwa ameshiba. Wala si haki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Njaa zilikuwepo, malaria ilikuwepo, na miiko iliwanyima watu chakula chema; wanawake wa Kijaluo, kwa mfano, walikatazwa kuku na mayai, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki iliaminiwa kwamba yai humchelewesha mtoto mdogo kusema.

Kuvunjika kwa mlo huo kulianza na ng'ombe. Sotoka, ugonjwa wa mifugo ulioikumba Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890, iliteketeza makundi ya ng'ombe na kupunguza maziwa katika vibuyu. Kodi ya nyumba iliyoletwa na serikali ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 iliwalazimisha vijana kwenda kutafuta fedha, wengine katika mashamba ya walowezi na ya chai, na kuanzia miaka ya 1930 katika migodi ya dhahabu iliyofunguliwa upande wa Migori, ambako mgodi wa Macalder uliendelea kuchimbwa, dhahabu kisha shaba, hadi katikati ya miaka ya 1960. Mfanyakazi wa kambi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa posho, yaani mgawo wa unga wa mahindi meupe, na ladha ya posho ilirudi naye nyumbani. Mahindi yalipikwa upesi, hayakuhitaji kuamiwa ndege kutwa kama mtama, na yalikuwa na soko. Muhogo nao ukahimizwa na maofisa wa wilaya kama akiba ya njaa. Vyote viwili vilijaza tumbo, lakini unga wa mahindi uliokobolewa na ugali wa muhogo vina chuma na zinki kidogo, na vikifuatwa na chai, ambayo tanini yake huzuia hata ule uchache wa chuma usifyonzwe, mtoto huondoka mezani ameshiba huku damu yake ikizidi kuwa nyepesi.

Katika kipindi hicho hicho likaja dawati. Mnamo Novemba 1906 wamisionari wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifika Gendia, katika Homa Bay ya leo, na kutoka hapo shule zikaenea kusini mwa ghuba. Shule iliwafungulia watu milango ambayo hakuna anayeijutia, lakini ilileta pia madai mapya juu ya mwili wa mtoto. Mchungaji wa mbuzi hutumia umakini wake akitembea, akigeuka, akisikiliza; mwanafunzi hutakiwa kuutumia akiwa amekaa, kimya, kwa saa nyingi, baada ya kutembea kilomita kadhaa kutoka nyumbani. Wamisionari hao walileta vilevile sheria za chakula zilizotoka katika Biblia, zinazokataza samaki asiye na magamba, hivyo familia zilizobatizwa zikamwacha kambare, anayeitwa mumi, ambaye ni miongoni mwa samaki wenye mafuta wa ziwa hilo. Imani hiyo ina heshima yake na waumini wake wameishika kwa karne nzima; kwa mwanahistoria wa lishe, hata hivyo, kuja kwake ni wakati ambao samaki mmoja alianza kuondolewa katika vyungu vingi.

Wataalamu wa dola ya kikoloni walilitazama suala la lishe kwa jicho la nguvu kazi. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha uchunguzi wao mashuhuri uliolinganisha Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na viazi, na Wamaasai, waliokunywa maziwa na kula nyama na damu, na ulinganisho huo ukaufanya mlo kuwa jambo la siasa katika Kenya. Cicely Williams aliieleza kwashakoo, utapiamlo mkali wa watoto, katika Gold Coast (Ghana ya leo) katika miaka ya 1930, na Hugh Trowell akaifuatilia hospitalini Mulago, Kampala. Hata hivyo kilichopimwa kilikuwa kimo, uzito na nguvu ya mkono. Akili ya mtoto darasani haikuwa imeingia katika daftari za madaktari wa lishe.

Iliingia kwa mlango mwingine, mbali kabisa na Nyanza, eneo hili la kandokando ya ziwa. Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara London kuhusu watoto wasioweza kujizuia ingawa akili zao zilikuwa timamu. Mwaka 1937 Charles Bradley, huko Marekani, aligundua kwamba dawa ya kuchangamsha mwili iliwatuliza baadhi ya watoto wa namna hiyo, na tangu hapo dawa za kundi hilo zimebaki kuwa tiba iliyothibitishwa zaidi. Wazo kwamba chakula ndicho chenye kosa lilienea katika miaka ya 1970 kupitia Benjamin Feingold, daktari wa mzio wa California, aliyedai kwamba rangi na ladha za viwandani huwatia watoto utukutu. Feingold alidai mengi kuliko alivyoweza kuthibitisha, lakini hakukosea kabisa: utafiti uliofanywa Southampton, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi hizo uliongeza kidogo utukutu hata kwa watoto wa kawaida, na tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya umelazimisha vyakula vyenye rangi hizo kubandikwa onyo. Jambo hilo linaihusu Migori zaidi ya inavyodhaniwa, kwani vinywaji vya unga vya rangi nyekundu na manjano, pamoja na peremende, huuzwa katika vibanda vilivyo karibu na lango la shule.

Sukari ni habari nyingine, na katika kaunti yenye kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 na kuyageuza mashamba mengi ya chakula kuwa ya miwa, inastahili kusemwa waziwazi. Majaribio yaliyofanywa na Mark Wolraich na wenzake Marekani, na uchambuzi wao wa mwaka 1995 uliojumlisha tafiti nyingi, hayakuona kwamba sukari hubadili tabia au umakini wa mtoto. Katika jaribio jingine la mwaka 1994, akina mama walioambiwa kwamba wana wao wamepewa sukari, hali hawakupewa hata chembe, waliwaona wana hao kuwa watukutu zaidi. Sukari huharibu meno, na hujaza nafasi ya chakula bora tumboni. Muwa umewadhuru watoto wa Awendo kwa kuchukua shamba la wimbi, wala si kwa kuwatia wazimu.

Serikali ya Kenya huru ilianza kuingiza virutubisho katika vyakula vya kila siku bila kutaja umakini. Mwaka 1978 sheria ilitaka chumvi itiwe iodini, madini ambayo upungufu wake kabla ya kuzaliwa na utotoni hudumaza ubongo, na hatua hiyo ya kimyakimya huenda imehifadhi akili nyingi kuliko kidonge chochote kilichowahi kuuzwa nchini. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi, yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Vizazi vizima vinakumbuka pakiti zake za pembe tatu, mpaka mpango ulipofifia na kukoma katika miaka ya 1990. Mwaka 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani ulilazimishwa kutiwa madini na vitamini, lakini familia nyingi za mashambani husaga mahindi yao katika kinu cha kijijini, na unga wa kinu hicho hautiwi kitu.

Ushahidi wa moja kwa moja kuhusu chakula na umakini wa mtoto wa Kiafrika ulipatikana Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Watafiti wa Kenya na Marekani walikuwa wamekwisha kuanza kuzifuatilia familia za huko wakati ukame wa mwaka 1984 ulipoingia, kwa hiyo walipata bila kutarajia vipimo vya kabla ya njaa na vya wakati wa njaa. Walichokiona kinagusa moyo. Watoto wadogo wa familia hizo hawakuathirika sana, kwa kuwa jamaa zao waliwalinda. Waliobeba mzigo walikuwa watoto wa shule, ambao walipungua uzito, wakaacha kukimbia uwanjani, na umakini wao darasani ukashuka. Mwalimu yeyote aliyewatazama bila kujua hali ya ghala za nyumbani kwao angewaandika kuwa wavivu.

Kisha, kuanzia mwaka 1998, kundi la Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilifanya jaribio katika shule 12 za eneo hilo. Watoto wa Darasa la Kwanza walipewa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja: shule nyingine githeri yenye nyama ya kusaga, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu ya mlo iwe sawa, na kundi la nne halikulishwa shuleni ila familia zake zilipewa mbuzi wa maziwa mwishoni. Baada ya miaka miwili, waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro na katika alama za shule, na uwanjani walicheza kwa nguvu na kuongoza wenzao. Maziwa yalisaidia ukuaji wa baadhi ya watoto lakini hayakuleta faida hiyo katika mtihani wa kufikiri, na vitamini B12 iliongezeka katika damu ya makundi yote mawili, la nyama na la maziwa. Haya hayasemi kwamba nyama hutibu ugonjwa wa umakini. Yanasema kwamba mtoto wa kawaida anayelishwa nafaka na kunde peke yake hufikia chini ya uwezo wake, na kwamba nyama kidogo katika sahani moja ya shuleni hubadili hali hiyo.

Nyanza ina sababu zake za ziada. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, P. Wenzel Geissler na wenzake waliwahoji watoto 285 wa shule magharibi mwa Kenya na kukuta kwamba karibu robo tatu walikuwa wakila udongo kila siku. Mawe laini ya udongo huo, yanayoitwa odowa, huuzwa sokoni yamepangwa mafungu kama viazi, na ulaji wake huambatana na upungufu wa damu. Minyoo hunyonya damu kutoka ndani, kichocho hupatikana kwa kuoga na kuteka maji ziwani, malaria huvunja seli za damu, na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu, umeenea katika ukanda huo wa ziwa. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule, ulioanza mwaka 2009 baada ya miaka ya majaribio huko Busia, unastahili kuhesabiwa katika historia ya umakini ingawa haukutungwa kwa jina hilo.

Ni katika Afrika Mashariki hii hii pia ambapo kidonge kilionyesha hatari yake. Kisiwani Pemba, Zanzibar, utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba madini ya chuma yaliwasaidia watoto wadogo katika ukuaji wa lugha. Lakini jaribio kubwa zaidi kisiwani humo humo, ambamo chuma na asidi foliki vilitolewa kwa watoto bila kuwapima kwanza, lilisimamishwa mwaka 2003 kwa upande wa waliopewa chuma, kwa sababu walilazwa hospitalini na kufa zaidi kuliko wenzao, katika mazingira yenye malaria kali. Funzo la Pemba, lililochapishwa mwaka 2006 na kubadili mwongozo wa dunia, linawahusu wazazi wa Osiri neno kwa neno: katika nchi ya malaria, chuma hupewa mtoto aliyepimwa damu na kulindwa dhidi ya mbu, na mwenye selimundu asipewe kabla ya kuonwa na daktari.

Ziwa nalo lilibadilika. Nyavu za kiwandani ziliingia ghubani mwaka 1905, na Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta tayari ngege wakipungua. Sangara, ambaye wavuvi wa Kenya humwita mbuta, aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi kubwa karibu na mwaka 1980, na kuwala fulu hadi aina nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wenyeji wakabakiwa na kichwa na uti wa mgongo vilivyokaangwa kwa mafuta, vikauzwa kwa jina la mgongo wazi, jina linaloeleza kila kitu kilichofanyika. Omena alibaki kuwa samaki wa maskini. Huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa zinazoelea juu ya maji, humwagwa alfajiri juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na wanawake humgeuza kwa mikono jua linapopanda, kisha humpima kwa gorogoro, kopo la kilo mbili lililo kipimo cha masoko mengi ya Kenya. Lakini sehemu kubwa ya omena huyo hununuliwa kwa magunia na watengenezaji wa chakula cha kuku na mifugo, na bei yake humpita mama mwenye watoto watano.

Wakati omena akiondoka kwenda kwa kuku, mafuta ya samaki yamekuwa yakirudi yakiwa vidonge. Ushahidi wa vidonge hivyo ni wa kiasi. Mwaka 2005 jaribio la Durham, Uingereza, lenye watoto 117 wenye matatizo ya kuratibu viungo, lilileta matumaini, kwani kusoma na tabia vilikuwa bora baada ya miezi mitatu. Majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yanayopingana, na mapitio makubwa ya mwaka 2012 yaliona ushahidi mdogo kwamba mafuta hayo huwatibu wenye ugonjwa wa umakini. Zinki ilionyesha faida katika majaribio ya Uturuki na Iran mwaka 2004, nchi ambazo upungufu wake ni wa kawaida, lakini haikufanya hivyo Marekani. Daktari Eric Konofal wa Paris alikuta mwaka 2004 kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huo walikuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, na jaribio lake dogo la mwaka 2008 lilionyesha nafuu kwa waliopungukiwa. Tafiti hizi zote zinaelekea upande mmoja: kirutubisho humfaa aliyepungukiwa nacho, na humpita asiyepungukiwa kama maji yapitavyo juu ya jani la yungiyungi.

Kwa mtoto wa Osiri kuna jambo jingine ambalo hakuna kirutubisho kinachoweza kulirekebisha. Wachimbaji wadogo wa Migori hutenga dhahabu kwa zebaki, madini yaliyo kimiminika na mazito yenye rangi ya fedha: humwagwa katika karai lenye mchanga uliosagwa, hushikamana na chembe za dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa hadi kikabaki kitonge cha kijivu, na kitonge hicho huwekwa juu ya makaa ili zebaki ifuke na kuacha dhahabu. Moshi huo hauna rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu. Zebaki hushambulia ubongo unaokua, na miongoni mwa dalili zake ni kutetemeka, hasira, kusahau na kushindwa kumakinika. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi yake na kuwalinda watoto na wajawazito. Kumnunulia mafuta ya samaki mtoto anayelala katika chumba ambamo kitonge huchomwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua unatokana na historia yenyewe. Makaa ya zebaki yaondoke nyumbani na karibu na jiko kabla ya jambo lolote, mtoto apimwe damu, minyoo na malaria katika zahanati kabla ya kununuliwa chupa, ale asubuhi, na akibaki vilevile baada ya kushiba na kupona, apelekwe kwa daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili bila aibu, kwani ugonjwa wake ni wa kweli na una tiba. Ombi kwa kaunti za Migori na Homa Bay na kwa bodi za shule ni dogo kuliko gharama ya vidonge: uji wa shule uwe wa mtama au wimbi uliochachushwa, na omena aliyekaushwa vizuri asagwe na kutiwa katika mlo wa mchana. Ununuzi wa omena huyo una tarehe yake. Uvuvi wa omena nchini Kenya kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaane, na miezi hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya muhula wa pili, kwa hiyo ghala ya shule inapaswa kujazwa kabla ya Machi kwisha.